Nani Atatazama Chini ya Gari?

Tulipokuwa wadogo kule Temeke, magari yetu tuliyatengeneza wenyewe. Waya tuliokota, magurudumu tukakata kwenye malapa yaliyochakaa, usukani tukaufunga kwenye fimbo ndefu ili mtu aendeshe huku anakimbia. Ilimradi gari linakata kona, limetosha. Lakini mtaani kwetu palikuwa na kijana mmoja ambaye hakuridhika kirahisi. Yeye alikuwa akiweka hadi propela kwa chini, kijiti kilichochongwa kwa wembe kikafungwa kwa uzi. Tulimcheka sana. "We bwana, nani atatazama chini ya gari?" Hakutujibu. Alikuwa ameinama anakaza uzi.

Ndugu msomaji, kicheko kile kimenirudia ukubwani, tena katika jambo ambalo si la kitoto hata kidogo. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Swali langu ni hili: kitu tunachokiumba upya kwa mikono yetu, kiwe kigari cha plastiki au maisha ya mtu kwenye karatasi, tukioneshe kama kilivyokuwa, au kama tunavyotamani kingekuwa? Kupamba ni heshima, au ni uongo uliovaa nguo safi?

Kwanza nieleze niliko. Naishi Michigan, Marekani, na kazi yangu ni kutunza wazee, shifti ya usiku. Washikaji wa nyumbani wakinipigia simu huniuliza, "Vipi, bado unabeba boksi?" Huwajibu kwamba mimi sibebi boksi, nabeba binadamu. Majira ya baridi huku siyo mchezo. Theluji ikishuka mtu unafungiwa ndani na mawazo yako. Mwaka wa pili wa kukaa hapa nilipita mbele ya nyumba moja walikokuwa wanauza vitu vikuukuu, nikaona boksi la gari la kuunganisha. Dola tatu. Nikalinunua, na tangu siku hiyo nikapata ugonjwa ambao sijapona.

Gari lenyewe lilikuwa Dodge Challenger la mwaka 1970, kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano. Maana yake, kila sentimita moja ya kigari inasimama mahali pa sentimita ishirini na tano za gari la kweli. Challenger lile la barabarani lilikuwa na urefu wa karibu mita 4.86, kwa hiyo la kwangu lina sentimita 19 na kitu. Mtu wa mita 1.75 akisimama pembeni yake atakuwa na sentimita saba, sawa na kidole changu cha shahada.

Kwa wasioyajua magari haya, nitasema kwa ufupi. Wamarekani huyaita magari ya misuli. Wengi huhesabu mwanzo wake kuwa Pontiac GTO ya 1964, gari la ukubwa wa wastani lililotiwa injini kubwa kupita umbo lake. Siri yote ilikuwa hiyo: mwili wa mtu wa kawaida, moyo wa simba. Vijana wakapagawa. Kila kampuni ikataka la kwake. Kilele kilikuwa mwaka huo 1970, kisha mambo yakageuka: bima zikapanda, sheria za moshi zikakaza, na mwishoni mwa 1973 mafuta yakaadimika. Challenger ya kizazi kile ilifia mwaka 1974. Lakini viwanda vya vigari vya plastiki havikuyaacha yafe. AMT, Revell, Monogram na wenzao walikuwa wameshayamimina katika vipimo vidogo, na hadi leo watu wazima wenye mvi wanakaa mezani usiku wakiyaunganisha.

Kazi yenyewe inahitaji subira. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye vijiti vya plastiki kama matunda tawini. Unavikata, unavipiga msasa mpaka mshono wa kalibu upotee. Gundi yake haishikizi tu, inayeyusha uso wa plastiki ili vipande viwili viwe kimoja, na ukikosea hakuna kubandua. Mapambo yanayong'aa kwenye kingo za madirisha unayatengeneza kwa karatasi nyembamba mno ya metali, unaibandika kisha unaikata kwa wembe mpya huku umezuia pumzi. Na injini je? Challenger langu lilikuwa la Hemi, injini ya inchi za ujazo 426, nguvu za farasi 425 kwa hesabu ya kiwanda, imepakwa rangi ya chungwa. Nilichukua nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, nikazifanya waya za plagi, nikaziunganisha kutoka kwenye distributa kwenda kila silinda kwa mpangilio wake wa kweli wa kuwaka: 1, 8, 4, 3, 6, 5, 7, 2. Jioni tatu zilikwenda hapo. Boneti ikifungwa huoni kitu.

Gari nililipaka zambarau, ile rangi ambayo Dodge waliiita Plum Crazy. Nikaing'arisha mpaka nikaona taa ya chumba ndani yake. Chini nikapaka nyeusi ya kung'aa, safi, sawasawa pande zote. Nilijiona fundi. Nikalibeba kazini kuwaringishia wenzangu.

Hapo ndipo mzee mmoja aliponivua nguo.

Alikuwa mmoja wa wazee ninaowahudumia, Mmarekani mweusi aliyekuja Kaskazini kutoka Alabama akiwa kijana. Halali usiku. Akaliona gari mezani, akaomba alishike. Hakutazama boneti wala rangi. Aligeuza gari juu chini kama mtu anayemkagua kuku sokoni, akalisogeza kwenye taa, akacheka kidogo.

"Hili hukulitengeneza wewe," akasema. "Hili kalitengeneza malaika."

Nikadhani ananisifu. Kumbe ananisuta.

"Mimi nililitengeneza hili," akaendelea. "La kweli. Hamtramck, chumba cha rangi. Chini halikuwa hivi hata siku moja."

Akanieleza. Mwili wa gari ulikuwa unafika kwao umepigwa praima, nao wanaupulizia rangi kwa ubavuni huku laini inatembea. Gari halikusubiri mtu. Rangi iliyopita kingo iliingia chini popote ilipotaka: hapa wingu la zambarau, pale praima tupu, hakuna magari mawili yaliyofanana. Kisha huko mbele wakaguzi waliweka alama zao kwa rangi au chaki, mkwaruzo kwenye difu, mstari kwenye ukuta wa injini, kuonyesha kwamba boliti imekazwa. "Zile alama ndizo sisi," akasema. "Wewe umetufuta sote."

Nilirudi nyumbani asubuhi sikulala. Nikasoma. Kiwanda kile, watu walikiita Dodge Main, ndicho kilichounda Challenger nyingi za 1970, na gari lililotoka pale lina herufi B katika namba yake ya utambulisho. Mei 1968 wafanyakazi waligoma pale bila idhini ya chama chao, wakipinga laini kuongezwa kasi. Kutokana na mgomo ule vijana weusi wakaanzisha harakati waliyoiita DRUM, wakisema kwamba kazi nzito na chafu zimewekwa mabegani mwao na chama hakiwasemei. Kiwanda kikafungwa mapema mwaka 1980, kikabomolewa, na kampuni nyingine ikajenga chake mahali hapohapo. Kwa hiyo lile wingu la rangi chini ya gari lilikuwa kitu zaidi ya uchafu. Lilikuwa kipimo cha kasi ya laini. Lilikuwa, kwa namna yake, ushahidi.

Hebu sasa tulijadili swali kwa haki, maana nami nilijitetea. Nilijiambia: msanii halazimiki kunakili kasoro. Mchoraji wa gari lile, pale ofisini kwake, hakuchora wingu la rangi chini. Alichora kitu kamili. Mimi nimetengeneza wazo lake. Kosa langu liko wapi? Na si mimi peke yangu. Wanaofufua magari ya kweli wanao ugomvi huuhuu. Wapo wanaolirudisha gari likawa zuri kuliko lilivyotoka kiwandani, kila mwanya umenyooshwa, chini kunang'aa kama sahani. Wapo wanaotafuta hata zile alama za chaki na kuzirudishia palepale, na wakikuta karatasi ya maagizo ya kiwandani imesahauliwa kwenye springi za kiti, husherehekea kama wameokota dhahabu.

Pia nilijiambia kwamba uongo unahitaji anayedanganywa. Ukichukua Challenger la injini ndogo, ukalitia Hemi na nembo zake, ukamwambia mnunuzi kwamba limezaliwa hivyo, huo ni wizi. Ukimwambia ukweli kwamba ni la kuigiza, huo ni mchezo halali. Na kigari cha sentimita 19 hakiwezi kumdanganya mtu, kila mmoja anajua si gari.

Hoja ni nzuri, ila ina tundu. Ni kweli hakuna anayedhani kigari changu ni gari. Lakini atakayekitazama ataamini kwamba gari la kweli lilikuwa hivi. Uongo wa kigari hauhusu kigari, unahusu kile kinachosimamiwa na kigari. Kitu kikishasema "mimi ni mfano wa fulani," kimeshaingia mkataba na fulani huyo.

Niseme ukweli, kilichoninyima usingizi hakikuwa plastiki.

Baba yangu alifariki mwaka 2019. Makaratasi yangu huku yalikuwa hayajakaa sawa, ningetoka nisingerudi, kwa hiyo sikwenda kumzika. Nyumbani wakasema, wewe ndiye mwandishi, tuandikie wasifu wa marehemu. Nikauandika usiku mmoja huku nalia. Baba mdogo akanipigia: "Mwanangu, mambo mengine hayasomwi mbele za watu. Andika ameacha mjane na watoto wanne."

Sisi ni watano. Baba alifanya kazi Morogoro miaka kadhaa, na huko tunaye dada. Ukoo wote unamjua. Mimi niliandika kwamba marehemu alitumikia Morogoro kwa bidii na uadilifu, kisha nikaandika wanne. Wasifu ukasomwa, watu wakaguna kwa kuridhika, wakasema huyu kijana ana kalamu. Dada yetu alikuwa amekuja. Alikaa kwenye mkeka nyuma kabisa ya wanawake, akajisikia hahesabiwi. Jioni akanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nimesikia wasifu wa baba. Umeandika vizuri sana. Poleni."

Poleni! Mtu aliyefiwa na baba ananipa pole mimi, kama jirani. Nilijibu "asante," nikaufuta ule ujumbe, na kwa miaka mitatu nikajiambia kwamba nilimheshimu baba. Mpaka mzee wa watu alipogeuza gari juu chini na kusema, wewe umetufuta sote.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Basi, utasema, jibu limepatikana: tuanike kila kitu. La hasha! Hapa ndipo kigari kilinifundisha jambo la pili, ambalo nadhani ni gumu zaidi.

Nilinunua Challenger lingine nikaamua kutubu. Nikapiga praima chini, nikapuliza zambarau kutoka ubavuni kama nilivyoelekezwa, nikachukua kijiti cha meno nikaweka tone la rangi kwenye difu. Nikampelekea mzee. Akalitazama akatikisa kichwa.

"Sasa umelifanya ajali. Tone hili kwa gari la kweli lingekuwa kubwa kama sahani. Nani kapaka hapa, tembo?"

Nikapiga hesabu. Tone la milimita nane, mara ishirini na tano, ni sentimita ishirini. Kweli, sahani! Nilikuwa nimelipunguza gari lakini kosa nimeliacha na ukubwa wake. Na vivyo hivyo kuna mafundi ambao, wakigundua utamu wa kutu na matope, huvipaka kila mahali mpaka gari linapotea. Wanadhani wamekuwa wakweli. Kumbe wamehama tu kutoka uongo mmoja kwenda mwingine.

Kosa nalo lina kipimo. Kulificha ni uongo, na kulitoa nje ya kipimo chake ni uongo vilevile. Baba yangu alikosea, naam, na aliyelipa ni mama na huyo dada. Lakini baba huyohuyo alikuwa akitembea kwa miguu kutoka kazini ili nauli ibaki ya madaftari yetu. Ningeandika wasifu uliojaa Morogoro, ningekuwa nimeweka sahani kwenye difu. Nilichotakiwa kuandika kilikuwa neno moja tu. Watano. Katika maisha yote ya mtu, yaliyopunguzwa yakaenea karatasi moja, kosa lile kwa kipimo chake sahihi lilikuwa neno moja, nami nikalibadilisha.

Mzee wangu naye hakuwa malaika, na sitaki nimpake ya kung'aa. Usiku mwingine nilimuuliza kuhusu mgomo wa Mei 1968, nikitegemea kusikia ushujaa. Akanyamaza kitambo. "Siku ile nilibaki nyumbani," akasema. "Nilisema naumwa. Nilikuwa na mtoto mchanga." Kisha akaongeza, "Hilo nalo weka. Ila dogo."

Nikaandika wasifu upya. Niliupitia wote na nilibadilisha neno moja tu, na jina moja likaongezeka. Kabla ya kuutuma nilimpigia mama, maana kuna haki hapa ambayo si yangu. Aliniachia nimalize, kisha akasema: "Usidhani sikujua, mwanangu. Nilijua kabla hujazaliwa wewe mwandishi. Lakini wewe unaandika ukiwa huko. Mimi ndiye ninayeishi na majirani."

Vijana wenzangu mnaoota kuandika, nawaomba msiipite haraka sauti hiyo ya mama. Tunapenda kujiita watu wa ukweli, na ukweli wetu mara nyingi gharama yake hulipwa na mtu mwingine, aliye mbali na meza yetu. Nilikaa na maneno yake wiki mbili. Nikaona kwamba ana haki ya kuchagua kisomwe nini mbele ya majirani. Lakini sikuona kwamba yeye, au mimi, au baba mdogo, tunayo haki ya kumfuta mtu aliye hai kwenye hesabu ya watoto wa baba yake. Kuna tofauti kati ya kufunga boneti na kuing'oa injini. Boneti ikifungwa, zile waya za plagi bado zipo, kwa mpangilio wake, na siku atakayefungua atazikuta.

Kwa hiyo ule wasifu mpya sikuubandika popote. Niliuchapa nakala sita, moja ya mama, tano za watoto. Nikazituma kwa mtu aliyekuwa anasafiri. Hata hapa sijataja jina la mtu. Baba mdogo amekasirika, hapokei simu zangu. Mama alipokea nakala yake na hajasema neno, nami simuulizi. Dada aliniandikia, "Kaka, nimepata," basi. Sijui kama hiyo ni msamaha, na sitaipaka rangi ifanane na msamaha.

Gari la tatu nililifanya polepole. Praima, wingu la zambarau, jembamba pembeni na likififia kuelekea katikati. Alama ya difu sikuiweka mimi. Nilimpa mzee kijiti cha meno, nikamshikia gari kwa mikono miwili kwa sababu vidole vyake vinatetemeka. Alijaribu mara ya kwanza akakosa, nikafuta. Mara ya pili akaweka kimstari cheupe, kifupi, kimepinda kidogo.

"Imekazwa," akasema.

Gari lipo dirishani kwake. Wageni wakija husifu rangi, na wachache huuliza kama boneti inafunguka. Bado sijamwona aliyeligeuza.